Nguzo za Kuskovo na Nguzo za Maruhubi

Nguzo sita zinazompokea mgeni mbele ya jumba la Kuskovo, mashariki mwa Moscow, ni za mbao. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza sikuamini, kwa kuwa ukilitazama kwa mbali jumba lote, lenye kuta za rangi ya waridi na nguzo nyeupe, linaonekana kuwa la mawe, na mtu aliyezaliwa Unguja, ambako mwenye nafasi alijenga kwa matumbawe na chokaa, hatarajii kwamba mmoja wa makabaila matajiri kabisa wa Urusi angeridhika na mbao.

Kabaila huyo, Pyotr Sheremetev, alilijenga kati ya mwaka 1769 na 1775, Karl Blank akisimamia kazi, kwa mtindo wa kuiga mahekalu ya Wagiriki na Warumi uliokuwa ukienea Ulaya wakati huo. Lilikuwa jumba la kiangazi na la wageni. Milango ya vyumba imepangwa katika mstari mmoja, hata ukisimama kwenye chumba cha kwanza macho hufika cha mwisho. Kitanda cha fahari kiliwekwa ili kitazamwe zaidi kuliko kulaliwa. Na katika ukumbi wa dansi madirisha ya upande wa bustani yanakabiliana na vioo vikubwa, hivyo anayepita katikati huona miti kulia na kushoto. Siku za unyevu mwingi jumba hufungwa ili mbao na mapambo yasiharibike, jambo linalonichekesha kila nikikumbuka masika ya kwetu.

Lakini kilichonifanya nirudi Kuskovo mara nyingi ni majina. Pale utaambiwa kwamba banda la Groto, ambalo kuta zake za ndani zimefunikwa kwa makombe ya baharini, lilibuniwa na Fyodor Argunov, na kwamba Argunov alikuwa mtwana, yaani mtu aliyemilikiwa na Sheremetev kama mashamba yalivyomilikiwa. Jamaa yake Ivan Argunov, mtwana vilevile, alichora mwaka 1767 picha ya Annushka, mtoto wa Kikalmiki aliyelelewa katika nyumba ya bwana, akiwa ameshika picha ya bibi mwenye nyumba. Mimi husimama zaidi mbele ya picha hiyo kuliko mbele ya vioo vyote: mtu asiyejimiliki anamchora mtoto asiyejimiliki, na wote wawili wana majina.

Sisemi kwamba wenyeji wangu Warusi wamemaliza hesabu na historia yao. Praskovia Zhemchugova, binti wa mhunzi mtwana, alichukuliwa utotoni akafundishwa kuimba, akapewa jina la jukwaani linalotokana na neno la Kirusi lenye maana ya lulu, na mwaka 1787 akaimba hapo Kuskovo mbele ya Malkia Catherine II. Nikolai, mwana wa Pyotr, alimpa uhuru mwaka 1798, akamwoa kwa siri mwaka 1801, naye akafariki mwaka 1803 muda mfupi baada ya kujifungua. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama kisa cha mapenzi, nami kila nikiisikia hujiuliza binti yule angeweza vipi kumkatalia mtu aliyemmiliki. Hata hivyo, jina lake linatajwa.

Sasa nikiwa likizo Unguja huenda Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la Sayyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Nguzo nene zilizobeba roshani bado zimesimama kati ya minazi, na ukiuliza utatajiwa sultani na wanawake wa nyumba yake. Aliyechoma chokaa, aliyepasua matumbawe na aliyebeba boriti hatajwi, ingawa Zanzibar hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897, miaka 36 baada ya Warusi kuwafungulia watwana wao. Tulipoomboleza sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba jingine la Barghash, ilipoporomoka Desemba 2020, tuliomboleza kwa haki, lakini katika maombolezo yote niliyoyasoma nilikutana na jina la Barghash tu. Huenda mafundi wetu hawakuandikwa katika daftari za mabwana kama walivyoandikwa akina Argunov. Nadhani vilevile kwamba hatujauliza kwa bidii.

Nami simo nje ya lawama hii. Kutoka katika fleti yangu ya kuta za zege nimekuwa nikituma fedha za nyumba ninayoijenga Fuoni, ambayo, kwa kiburi cha mtu wa ughaibuni, nimeiwekea nguzo mbili barazani. Mdogo wangu alinitumia picha zilipomalizika kupigwa plasta. Juu ya ngazi alikuwapo kijana ameipa kamera mgongo, mwiko mkononi. Nikauliza anaitwa nani.

“Huyo, kaka? Kijana wa fundi tu.”