Jogoo wa ngao ya taifa ni wa nani?

Chukua sarafu ya shilingi kumi, zile zilizotolewa Desemba 2018, uiweke kiganjani. Upande mmoja kuna simba. Igeuze, uione ngao ya taifa: simba wawili na mikuki yao juu ya Mlima Kenya, na chini yao neno Harambee. Sasa isogeze karibu na macho. Katikati ya ngao yupo jogoo, mdogo kama punje ya mchele, ameshika shoka kwa mguu wa kulia.

Jogoo huyo ndiye alama ya KANU, chama kilichoundwa 1960 na kutawala tangu uhuru hadi uchaguzi wa 2002. Sarafu hizi zilitengenezwa upya kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Marais wakaondoka. Alama ya chama chao ikabaki.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Shuleni tulifundishwa kwamba huwika kutangaza mapambazuko ya maisha mapya, na maana hiyo haihitaji kadi ya chama. Isitoshe, nyeusi, nyekundu na kijani za bendera zilitoka KANU vilevile, nyeupe ikaongezwa, na sijasikia mtu akidai tuipake bendera rangi nyingine. Tena ngao imo katika Jedwali la Pili la Katiba ile ile, ambayo wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni, jogoo akiwemo.

Lakini bendera haipigiwi kura, na hapo ndipo penye uzito. Kuanzia 1982 hadi Desemba 1991 sheria iliruhusu chama kimoja tu. Mwananchi aliyeingia mahakamani alimkuta jogoo ukutani nyuma ya hakimu, kwenye barua ya serikali jogoo, na kwenye kadi ya chama jogoo. Angejuaje serikali inaishia wapi na chama kinaanzia wapi? Hata leo Sura ya 99 ya sheria zetu inamzuia mfanyabiashara kutumia nembo za taifa kutangaza biashara yake bila idhini ya maandishi, ilhali chama kinaomba kura kwa ndege aliye kwenye ngao hiyo hiyo. Kwa mpiga kura asiyejua kusoma, picha hiyo ndiyo jina la mgombea.

Mimi simtaki jogoo ang'olewe. Kubadili ngao ni kubadili pasipoti, mihuri, sarafu na kuta za mahakama, na historia yetu ndiyo hiyo, tuipende tusiipende. Nataka aondoke kwenye karatasi ya kura. Wana-KANU watasema alikuwa wao kwanza, na ni kweli. Ila walipomweka kwenye ngao mwaka 1963 walimkabidhi kwa kila Mkenya, pamoja na yule ambaye hajawahi kuwapigia kura. Chama kinaweza kuchagua alama nyingine kabla ya uchaguzi ujao. Taifa lina ngao moja tu.