Kupima oksijeni kwa nuru si kubahatisha

Mfugaji wa kaa au samaki kwenye mikoko ya Mida au Ngomeni, pwani ya Kenya, anajua saa mbaya ni alfajiri. Usiku kucha mwani hautoi oksijeni, kila kiumbe bwawani kinaivuta, na kukipambazuka samaki wako juu wanatweta. Apime oksijeni kwa kifaa gani?

Wanaoshikilia njia ya Winkler, ya kupima kwa dawa tangu 1888, wana hoja. Unatia dawa chupani, mashapo ya kahawia yanatua, asidi inayayeyusha maji yakawa manjano, wanga unaleta buluu, kisha unadondosha dawa ya mwisho mpaka buluu ipotee. Hapo umeihesabu oksijeni yenyewe. Kifaa cha nuru, kinachozamishwa majini na kusoma oksijeni kwa mng'ao wa utando wake, wanasema, kinakisia tu. Joto linakiyumbisha, kofia yake yenye utando inachakaa, na bei si mchezo.

Hilo la kukisia ni kukionea. Utando wake huwa na metali kama ruteniamu au platinamu, iliyokumbatiwa na pete za kaboni na naitrojeni. Chukua ruteniamu: ukiimulika kwa buluu, elektroni yake inapanda ngazi ya nishati, halafu inashuka ikitoa nuru ya chungwa iliyokolea wekundu. Oksijeni ikiigonga kabla haijashuka, inapokonya nishati ile na nuru haitoki. Oksijeni ikizidi, nuru inapungua na kufupika. Wanasayansi Stern na Volmer waliiandikia hesabu mwaka 1919. Sasa kukisia kuko wapi, ikiwa kila mgongano unaacha alama?

Tena vifaa vizuri havitazami ukali wa nuru, vinatazama muda wake. Ukali unadanganya: rangi ya utando ikipauka, au udongo mwekundu wa mto Sabaki ukiganda kwenye kifaa, nuru inafifia na oksijeni iko palepale. Muda hauyumbi hivyo. Ruteniamu yenye bipiridini tatu (ndizo zile pete za kaboni na naitrojeni), kwenye maji yasiyo na oksijeni, hung'aa kwa mikrosekunde 0.6 hivi, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde (jicho halina habari, saketi inayo). Elektrodi ya Clark, kifaa cha umeme cha miaka ya 1950, hula oksijeni inayoipima, kwa hiyo maji yasipokorogwa inasoma pungufu. Kifaa cha nuru hakili kitu, na maji ya bwawa alfajiri yametuama.

Joto? Kifaa cha maana kina kipimajoto chake. Bei siitetei, wachangiane. Ila maji ya bahari ya nyuzi 30, hata yakishiba hewa, yana miligramu 6 tu na kidogo kwa lita, na chupa moja ya Winkler inakueleza dakika moja tu ya usiku mzima. Mimi ningeiweka chupa hiyo kwa kazi ya kukihakiki kifaa cha nuru kila baada ya muda.