Mkate wa kumimina ndio mkate wa kumfunzia mtoto

Majumbani mwetu, mtoto mdogo akisogea jikoni neno la mwanzo analolisikia ni "toka". Toka, utaungua. Toka, utamwaga, nenda kacheze nje. Naye huenda nje akaokota vifuu, akatia mchanga na maji, akapika chakula chake. Mchezo huo ni mzuri, sina ugomvi nao. Ninachokikataa ni mtoto kuachwa kwenye vifuu hadi afike miaka 10, kisha akiwa wa kike aambiwe ghafla aingie jikoni apike cha nyumba nzima, na akiwa wa kiume asiambiwe kabisa.

Mtoto wa miaka 4 anaweza kushirikishwa mkate wa kweli, ule unaoliwa na watu. Na kwetu sisi wa Unguja na Pemba, mkate wa kuanzia naye ni wa kumimina.

Maandazi yana raha yake, lakini yanataka kukandwa kwa nguvu, na mwisho wake ni mafuta yanayochemka. Kazi yote ya maana imo katika mikono ya mkubwa, mtoto anabaki kutazama. Mkate wa kumimina haukandwi wala hausukumwi. Ni mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa sufuriani. Njia nzima, kabla ya kufika kwenye moto, imejaa vikazi ambavyo mtoto anaviweza na ambavyo mkate hautoki bila yake. Hili la pili ndilo kubwa. Mtoto anajua upesi sana pale anapopewa kazi ya kumpumbaza.

Kipimo changu ni vikombe 2 vya mchele, kikombe kimoja na kidogo cha tui zito, nusu kikombe cha sukari au zaidi kwa wapendao, kijiko kimoja cha chai cha hamira, iliki na ute wa yai moja. Mchele uwe wa basmati au mwengine usionata. Wa kunata hutoa mkate mzito, umekaa chini kama ulivyo.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, mtoto ndiye aoshe mchele. Mpe bakuli pana na maji, mwache auchezee mpaka maji yatoke meupe, mwaga, mpe mengine. Asubuhi akiuvunja kwa vidole ataona umelainika, na hapo atakuwa ameshaelewa kwa nini uliachwa usiku kucha bila ya wewe kumweleza.

Iliki nayo mpe yeye. Kumenya iliki ni kazi ya vidole vidogo: ganda linapasuliwa, punje nyeusi zinatolewa, nyengine zinaruka sakafuni, zinafuatwa. Ina bei, kwa hiyo mhesabie chache na umwambie kuwa ni za thamani, utaona anavyozishika. Kisha kijikinu cha viungo na mchi wake, atwange. Mimi siuziwi iliki ya unga siku hizo hata iwe nafuu vipi. Harufu ile inapotoka kwenye mchi alioushika mwenyewe, mtoto anakuwa mwenye mkate.

Nazi kuna wewe, kwa sababu meno ya mbuzi hayana huruma. Lakini tui achuje yeye. Watu wananiambia lipo tui la pakti, na kweli lipo, na siku za kazi nalitumia. Siku ya mtoto hapana. Kukamata machicha kwa mikono miwili, kuyabinya, kuona maji meupe yanashuka kwenye chujio: kwa nini nimnyime hilo?

Hapa pana jambo linanikera kidogo. Zamani mchele ulitwangwa kinuni ukachungwa, na watoto walikuwepo pale pale, huyu anashika ungo, yule anakusanya chenga. Pemba ilipounganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, brenda ikawa rahisi kuitumia, nami nashukuru, mabega yangu yanashukuru zaidi. Ila mashine ilipoingia kazi ya mtoto ikatoka. Mimi nimemrudishia kwa njia hii: brenda ikisimama, yeye ndiye anayechota tone la uji na kulisugua kwa vidole. Akisema bado kuna chenga, nasaga tena. Neno lake ndilo linalofuatwa.

Baada ya hapo ni hamira, na kungoja. Hamira ni viumbe hai, vidogo mno kuonekana kwa jicho. Vinakula sukari na kutoa hewa, na kwa joto letu la pwani haifiki saa nzima uji unakuwa umepanda una povu. Unga wa ngano una mnato unaoizuia hewa ile ndani, ndiyo maana boflo linakuwa na vitundu vya kila upande. Mchele hauna mnato huo, hewa inapanda moja kwa moja, ndiyo ile njia nyembambanyembamba unayoiona ukikata mkate wa kumimina uliotoka vizuri. Nilimwambia mwanangu kwamba hamira inakula. Akafunua, akatazama mapovu yanavyopasuka, akasema, "Mama, unapumua." Sikuwa na la kuongeza.

Mwache afunue apendavyo, uji unaoumuka haudhuriki kwa kutazamwa. Ukishamiminwa sufuriani na kufunikwa, hapo marufuku mpaka juu pakauke. Mtoto anafahamu tofauti hiyo vizuri ukimwambia sababu. Na kulamba uji usimruhusu hata kidogo, mchele ni mbichi na ndani mna ute wa yai mbichi.

Moto ni wa mkubwa peke yake. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na mtoto anasimama mlangoni. Wenye oveni vivyo hivyo.

Shoga yangu mmoja alinikuta na mwanangu na iliki zake akaniuliza, "Mtoto wa kiume huyo, shoga, unamfanya nini?" Nami nauliza: pilau la harusi zetu, masufuria yale makubwa, mara ngapi limesimamiwa na wanaume? Forodhani, pale panapouzwa vyakula mjini Unguja kila jioni, nani anayekaanga na kuchoma? Wanaume wetu wanapika na wanalipwa kwa kupika. Nyumbani tu ndiko tunakowafukuza wakiwa wadogo, halafu tunawalaumu wakiwa waume za watu.

Jambo la mwisho ni wakati. Mkate huu msimu wake ni Ramadhani, lakini alasiri ya Ramadhani si saa ya kumfunza mtu. Umefunga, futari haijakamilika, adhana iko karibu, na neno "toka" litakutoka tu. Mfunze mwezi wa Shaabani, asubuhi ya Jumamosi ambayo hana skuli, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Mwezi ukiandama atakuwa na kazi yake anayoijua, na wewe utakuwa na msaidizi wa iliki na tui. Basi kama nyumbani pana nazi na hamira, mwite Ijumaa usiku, mpe bakuli la mchele aoshe.