Aliyetoka Mbioni Si Mwoga

Ile video ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, imezunguka tena kwenye kundi letu la ukoo. Olimpiki ya Mexico City, 1968, giza limeshaingia, goti limefungwa bandeji, anachechemea kuumaliza mzunguko. Safari hii imetumwa kwa makusudi, kumsema binti wa shangazi aliyeacha kazi. Chini yake mtu kaandika: "Shujaa haachi."

Imeniuma. Akhwari namheshimu kwa moyo wote. Alianguka, goti likateguka, akafika zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Waliomaliza walikuwa 57, yeye wa mwisho.

Ila walioanza walikuwa 75. Wale 18 mbona hatuwataji? Mmoja wao ni Abebe Bikila, naye wa Ethiopia. Ndiye aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 miguu mitupu, akashinda tena Tokyo 1964 wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mexico alikwenda na mguu mbovu, akatoka kabla ya kufika nusu ya njia. Nani atasimama leo amwite Bikila mwoga? Kuvumilia alikujua kuliko sisi sote tunaobonyeza kitufe cha kusambaza. Siku ile aliusikiliza mguu wake, basi. Hata Eliud Kipchoge wa Kenya, Paris 2024, mgongo ulipombana alitoka baada ya kilomita 30, na medali zake mbili za dhahabu za Olimpiki ziko palepale.

Wapo wanaoacha mapema mno, sikatai. Kijana anagombana na bosi Jumatatu, Jumanne harudi. Huyo mwambieni.

Lakini dada yetu? Mshahara unachelewa miezi, zamu za usiku zinafuatana, presha imempanda mpaka daktari kamwambia apumzike. Alivumilia mbele ya macho yetu na hakuna aliyemtumia hata nauli. Ameacha ili awe hai awalee wanawe, na sasa ndipo tumepata la kusema. Uvumilivu tunaupenda sana ukiwa kwenye mwili wa mwenzetu, hasa wa mwanamke.

Ifuteni ile video. Kisha mpigieni simu, mumuulize anakula nini na ada ya watoto imefikia wapi. Mimi nimeshampigia: kodi ya nyumba inaisha mwezi huu, na sehemu yangu nimeshatuma.