Barakoa ya kitenge: vazi la amri, kazi ya fundi

Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipoamuru barakoa zivaliwe hadharani, aliyekaidi alikabiliwa na faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Stejini Nairobi, barakoa ya kitambaa iliuzwa shilingi 50 hivi. Piga hesabu: faini moja ni barakoa 400. Mimi naziita barakoa hizo sanaa; wanaokataa huanzia hapo, na hawajakosea. Wengi walimwogopa askari kuliko virusi. Barakoa ilishinda kidevuni, ikapanda puani polisi akitokea. Tena Shirika la Afya Duniani lilishauri tabaka tatu mwezi Juni, na za barabarani nyingi hazikufika hapo. Kuzisifia leo, wanasema, ni kuwasahau waliougua na waliopigwa virungu.

Sawa. Ila zile 400 zina upande mwingine. Vazi likishakuwa lazima, uhuru unaobaki ni wa kuchagua lipi, na watu wa Nairobi waliutumia uhuru huo wote: barakoa ya kitenge kulingana na gauni, ya leso, ya rangi za timu. Mafundi wa cherehani, harusi zimesimama na shule zimefungwa, waliokota vipande vilivyobaki wakaanza. Avido, mbunifu wa mavazi wa Kibera, alishona za mabaki akazigawa bure.

Tazama mshono wa katikati. Kitenge cha maua makubwa kikikatwa ovyo, ua moja hugawanyika, nusu shavuni, nusu imepotelea kwenye pindo. Fundi stadi alikata vipande viwili vinavyotazamana ili ua likutane juu ya pua, huku akijua anapoteza kitambaa kwa kitu cha shilingi 50. Hakuna aliyemdai hivyo. Mteja alitaka kupanda matatu tu. Wala ua halikuzuia kirusi hata kimoja. (Bitana ndiyo iliyozuia, kama ilikuwepo.)

Nairobi hii hii inamheshimu msanii Cyrus Kabiru kwa C-Stunners, miwani ya vyuma chakavu isiyomsaidia mtu kuona. Ila barakoa yakataliwa kuwa sanaa kwa kuwa ilikuwa na kazi ya kufanya, na aliyeishona hakuweka sahihi.

Makumbusho ya Taifa ikitaka kuzihifadhi, isichukue maridadi pekee. Ichukue na ile ya tabaka moja iliyonunuliwa mbio mbio kwa sababu ya kizuizi cha polisi, na zote ziandikwe bei.