Jasho la Rangi ya Chungwa

Mwenzetu wa chumba alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, ile inayoletwa na bakteria, nasi tuliobaki tukaitwa hospitali kupewa rifampisini ya kujikinga. Dozi fupi tu: asubuhi na jioni kwa siku mbili. Daktari akanitazama juu ya miwani. "Mkojo utageuka rangi. Usishtuke."

Sikushtuka. Uligeuka rangi ya chungwa lililoiva, nami nikajipongeza kwa kuwa mgonjwa mtulivu, ingawa hata sikuwa mgonjwa. Ila daktari alitaja mkojo peke yake. Dawa hiyo yenyewe ni nyekundu, na ikitaka kutoka mwilini haichagui mlango: mate, jasho, machozi, popote penye maji inapita na rangi yake. Rangi hiyo haina madhara, lakini inaaibisha. (Kati yetu yupo aliyekuwa anavaa lenzi laini za macho. Zikishika rangi hiyo haziiachi tena. Alizitupa.)

Siku ya pili ya dozi nilikuwa na usaili wa kazi. Shati jeupe, tai, vyeti kwenye bahasha. Ndani wasaili watatu, na feni haifanyi kazi.

"Tueleze habari zako kwa ufupi."

Mimi nikiulizwa habari zangu, jasho hujibu kwanza. Nikatoa leso nyeupe, nikajifuta uso, nikaendelea kusifia uwezo wangu wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Mara nikaona macho ya wasaili hayanitazami tena mimi, yanaifuata leso. Nikaiangalia. Chungwa tupu. Nikaangalia kwapani, kumechorwa ramani.

"Mwanangu," akasema mama aliyekaa katikati, polepole, "uko salama?"

"Salama kabisa, mama. Ni antibiotiki tu."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Ninayelala naye chumba kimoja ndiye mwenye homa ya uti wa mgongo."

Kiti cha kushoto kikarudi nyuma. Nikaona niwatulize kwa elimu. "Wala si dawa ngeni. Ndiyo hiyo hiyo wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu."

Kiti cha kulia nacho kikarudi, na mwenyewe akainuka kufungua madirisha yote. Nikajaribu kueleza kwamba dawa inaua vijidudu vinavyojificha puani na kooni ili nisimwambukize mtu, lakini maneno "puani" na "kooni" hayakusaidia chochote. Aibu ikanipanda, macho yakanilengalenga, chozi likadondoka.

"Jamani," akanong'ona wa dirishani, "analia damu!"

Usaili ukaisha hapo hapo, kwa adabu kubwa. Nikatakiwa kusaini daftari la mahudhurio, mama akanisukumia kalamu yake kwa ncha ya faili. Nikasaini, nikanyoosha mkono kumrudishia.

"Baki nayo, mwanangu," akasema. "Na daftari pia."