Msibebe sosi ya babekyu kwenda Dar, ipikeni huko huko

Kila Desemba Watanzania wa Marekani wanaporudi likizo, begi likifunguliwa Dar hazikosekani chupa mbili tatu za sosi ya babekyu, zimezungushiwa taulo zisivunjike. Nia ni njema kabisa. Ila sisi tunaoishi Kansas City, mji ambao sosi hii kwao ni suala la heshima, tunasema mzigo huo ni kazi bure. Sosi ile ilitengenezwa kwa moto mwingine na kwa nyama nyingine. Ukiipeleka kwenye jiko la mkaa pale Sinza itaungua kabla nyama haijaiva, na lawama atabeba mchomaji.

Tuanze na moto. Babekyu ya huku haichomwi, inafukizwa. Nyama inakaa kando ya moto, ndani ya jiko la chuma lililofunikwa, kwenye nyuzi joto 107 hadi 121 za Selsiasi. Mbavu za nguruwe huchukua saa 5 au 6, kidari cha ng'ombe kinaweza kupita saa 12. Sosi hupakwa nusu saa ya mwisho, na kwa joto hilo la taratibu inanata na kung'aa tu. Sasa soma lebo ya chupa. Nyingi zinaanza na shira ya mahindi yenye fruktosi (sukari ya matunda) nyingi au sukari ya kawaida, nyanya inafuata nyuma. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 160 hivi, na fruktosi, ambayo imejaa kwenye shira hiyo, huanza mapema zaidi, karibu nyuzi 110. Wavu wa mishkaki uliokaa juu ya mkaa uliokolea unapita nyuzi 250 bila taabu. Hapo sosi haimalizi dakika mbili. Nje inakuwa masizi machungu, ndani nyama bado inatoa damu.

Nyama nayo ni tofauti. Ng'ombe wa huku amenenepeshwa kwa nafaka, kidari chake kina tabaka la mafuta, na siki kali kwenye sosi inakata yale mafuta mdomoni. Nyama ya bucha ya Dar mara nyingi ni ya ng'ombe wetu wa asili aliyekua kwa kutembea malishoni, kachinjwa usiku, asubuhi yuko kwenye ndoano. Ina ladha nzuri kuliko ya huku, hilo tunalisema bila kusita, lakini ni ngumu na haina mafuta. Inataka uchachu wa kuilainisha kabla ya moto, na sosi iliyotiwa mafuta kidogo ili ishike na isikauke.

Uchachu huo ni ukwaju, na hapa ndipo Dar inaishinda Kansas City. Mapishi mengi ya sosi ya Kimarekani hutaka vijiko viwili vya sosi ya Worcestershire, na ndani ya Worcestershire ile asili ya Kiingereza kuna ukwaju. Yaani huku watu wananunua ukwaju kwa matone, umefichwa kwenye chupa pamoja na dagaa waliochachushwa, na Dar mnaupata kwa kilo Kariakoo.

Nyanya ni hivyo hivyo. Zinazouzwa mbichi madukani huku wakati wa baridi huwa zimechumwa kijani na kuivishwa kwa gesi ya ethilini. Nyekundu nje, ndani maji. Ndiyo maana mapishi ya huku huanzia kwenye kechapu au nyanya ya kopo. Si uvivu, nyanya ya kopo ni bora kuliko hiyo mbichi. Dar hamna sababu ya kuanzia kwenye kopo. Nendeni soko la Ilala mchukue nyanya zilizoiva hasa, hata masalo, mradi zimelainika tu na hazina ukungu. Yenye ukungu itupe nzima, usikate kipande ukabakiza kingine.

Kwa sosi ya karibu lita moja utahitaji nyanya kilo 2, vitunguu maji viwili vikubwa, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi yenye ukubwa wa kidole gumba, ukwaju gramu 150, sukari guru gramu 120, siki mililita 60, mafuta ya kupikia vijiko vitatu vya mezani na chumvi vijiko vitatu vya chai. Viungo vya unga ni pilipili manga na bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai kila kimoja, mdalasini nusu kijiko, karafuu tatu zilizosagwa, na haradali ya unga kijiko kimoja ukiipata. Pilipili mbuzi moja inatosha. Anayetaka kali aongeze.

Loweka ukwaju kwenye mililita 400 za maji ya moto kwa nusu saa, uukamue kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, kisha chuja. Kabla hujaendelea, onja. Ukwaju wa paketi mwingine umeshatiwa chumvi, na ukifuata kipimo chetu kama kilivyo sosi nzima itakuwa ya chumvi tu.

Washa mkaa, pangeni nyanya na vitunguu visivyomenywa moja kwa moja kwenye wavu, mzigeuze mpaka ganda lipasuke na kubabuka meusi upande mmoja mmoja, dakika 10 hadi 15. Hatua hii msiiruke hata kama mna gesi. Moshi ambao Wamarekani wanautafuta kwenye kichupa cha moshi uliogeuzwa kimiminika unaingia hapa bure, na maji ya nyanya yanapungua kabla hayajafika kwenye sufuria. Menya vitunguu, ondoa ganda la nyanya lililoungua sana na kuacha lililobabuka kidogo, saga vyote kwenye blenda pamoja na saumu, tangawizi na pilipili, kisha pitisha kwenye chujio ili mbegu zibaki. Mbegu zikisagika sana hutoa uchungu, kwa hiyo blenda iende sekunde chache tu.

Sufuria! Hapa ndipo wengi wanaharibu. Sufuria nyingi za Dar ni za alumini, na ukwaju, siki na nyanya vyote ni asidi. Ukivichemsha saa nzima kwenye alumini tupu, asidi inakula alumini, sosi inakuwa na ladha ya shilingi mdomoni na sufuria inabaki na duara jeupe lililong'aa pale sosi ilipofika. Tumia ya stili au ya kaure isiyobanduka. Chungu cha udongo kilichokwisha kuzoeshwa moto nacho ni kizuri.

Pasha mafuta, kaanga viungo vya unga nusu dakika tu mpaka vinukie, mimina rojo la nyanya, chumvi na maji ya ukwaju. Pika kwa moto wa wastani bila kufunika, dakika 40 hadi 50. Sukari guru haiingii mwanzoni. Sosi ikishakuwa nzito haizunguki tena yenyewe kwenye sufuria, ile ya chini inakaa palepale, na kama ina sukari inaungua huku juu ukiiona salama. Itie dakika 15 za mwisho pamoja na siki, punguza moto, na mwiko usitoke mkononi. Ikikushika chini, usikwangue. Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine na iliyogandia uiache hapo hapo.

Utajua imeiva ukichovya kijiko, ukageuza mgongo wake na kupitisha kidole: mstari ubaki wazi bila sosi kuteremka kuuziba. Iache nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka mezani, maana ikipoa inakaza. Ikiwa chachu mno, usikimbilie sukari. Mara nyingi inachotaka ni chumvi. Ikiwa inaruka na kububujika kama uji lakini bado ina maji pembeni, nyanya na maji havijashikana, endelea.

Siki na ukwaju si vya ladha peke yake. Nyanya zilizoiva sana asidi yake hupungua, na chakula cha kwenye chupa kinatakiwa kiwe na pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) chini ya 4.6 ili bakteria wa botulini, wenye sumu inayoweza kuua, wasiote. Msipunguze siki eti kwa sababu watoto hawapendi. Mimina ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10, zikiwa bado na joto, la sivyo zitapasuka. Chupa za plastiki za maji hujikunja kwa joto na hazifai. Weka kwenye friji na uitumie ndani ya wiki tatu. Kwa mitaa inayokatikiwa umeme mara kwa mara, gawa kwenye chupa ndogo ili ile inayofunguliwa imalizike haraka.

Kwenye kuchoma, nyama ilowekwe kwa ukwaju, chumvi, saumu na tangawizi peke yake, saa mbili tatu, bila sosi. Mishkaki ikishaiva, sogeza mkaa pembeni au inua wavu, paka sosi tabaka jembamba, geuza, paka tena, dakika 3 hadi 5 jumla. Kuku wa kisasa ana ngozi yenye mafuta, anavumilia dakika moja zaidi. Pweza asipakwe jikoni kabisa, achovywe mezani.

Huku kuna mambo tunayoyaheshimu. Mchomaji wa Kansas City hachomi kwa kukisia, anachoma kipimajoto kwenye nyama na kusubiri, na anajua mti gani unatoa moshi gani. Basi anayerudi likizo akitaka kuleta kitu cha maana, alete kipimajoto cha nyama. Hakimwagiki, kinaingia mfukoni, na kitamwonyesha mchomaji kwamba paja la kuku limefika nyuzi 74 ndani, badala ya kulikata kwa kisu mara nne na kumwaga maji yake yote kwenye mkaa. Brashi ya kupakia sosi si lazima: bua la mchaichai lililopondwa ncha linafanya kazi hiyo. Sosi iliyobaki kwenye bakuli, kama brashi uliyoichovya humo iligusa nyama isiyoiva, imwagwe, au ichemshwe upya kabisa kabla ya kupelekwa mezani.